Mvuke wa korosho: jinsi ya kujikinga wewe na mtoto wako

Msimu wa korosho ukianza, kina mama wengi wa Mtwara, Tandahimba, Newala na Masasi hufanya kazi ya kubangua, wengine viwandani na wengine katika vikundi vyao wenyewe. Kabla ya kubanguliwa, korosho ghafi hupikwa kwa mvuke ili ganda likatike vizuri na punje itoke nzima. Mvuke huo hutoka kwenye boila. Kama unafanya kazi karibu na boila, au mtoto unayemlea hukufuata huko, soma makala hii hata kama si wewe unayeiwasha.

Kwa nini mvuke ni hatari kuliko maji ya moto

Lita moja ya maji ikichemka yote hutoa zaidi ya lita 1,600 za mvuke. Mvuke huo ukifungiwa ndani ya chombo, husukuma kuta zake kwa nguvu kubwa, na hiyo ndiyo presha. Ukigusa ngozi hugeuka tena kuwa maji na kuachia joto jingi, kwa hiyo jeraha lake huenda chini zaidi kuliko la maji ya moto. Tena mvuke mkali wenyewe hauonekani. Ule wingu jeupe unaouona ni mvuke ulioanza kupoa. Ukisikia mlio wa kuvuja, usipapase bomba kwa mkono kutafuta tundu.

Vitu vitatu vya kuangalia kabla ya kuwasha

Cha kwanza ni mrija wa kioo unaoonyesha kiasi cha maji. Ajali mbaya za boila nyingi huanza maji yanapopungua huku moto unawaka. Chuma kilichofunikwa na maji hakipati moto kupita kiasi, lakini kikibaki kikavu hulegea. Ukiona maji yametoweka kwenye kioo, usiongeze maji hata kidogo. Maji ya baridi yakimwagikia chuma kilichoiva hugeuka mvuke mara moja na boila inaweza kupasuka. Acheni kuchochea, zimeni moto kwa mchanga mkavu kama mnaweza kuufikia salama, kisha wote muondoke hadi boila ipoe kabisa.

Cha pili ni geji ya presha. Mwekeeni alama nyekundu kwenye kiwango cha juu alichoandika mtengenezaji, ili hata asiyejua kusoma aone mshale umefika wapi.

Cha tatu ni vali ya usalama, ile inayofunguka yenyewe presha ikizidi. Wapo wanaoifunga kwa waya au kuitundikia jiwe kwa sababu inapiga kelele na "inapoteza mvuke". Kufanya hivyo ni kuondoa kinga ya mwisho mliyo nayo. Vali inayofunguka mara kwa mara inaonyesha moto umezidi au imechakaa, basi mwiteni fundi.

Kuna vikundi vinavyochomelea pipa la mafuta na kulitumia kama boila. Pipa halikuundwa kubana presha. Kama mnapikia kwenye pipa, kifuniko kiwekwe juu tu bila kubanwa, na mvuke uwe na njia pana ya kutokea.

Wakati wa kufungua, usiamini mshale pekee kwa kuwa geji hukwama. Fungueni kwanza vali ya kutolea mvuke, mngoje hadi usitoke tena, ndipo mlegeze kifuniko mkiwa mmesimama upande.

Maji na matunzo

Visima vingi vya pwani, kuelekea Msimbati na mdomo wa Ruvuma, hutoa maji yenye chumvi. Chumvi hiyo huganda ndani ya boila kama ukoko wa sufuria, huziba mrija wa kioo na njia ya vali, na kuni zinaliwa zaidi. Maji ya mvua yaliyokingwa ni bora. Wenzetu wa uwanda wa Makonde, ambako maji ni taabu, wamezoea kuyakinga. Toeni tope la chini ya boila kama mtengenezaji alivyoelekeza, na mbadilishe gasketi iliyopasuka badala ya kuifunga kwa kitambaa.

Mitungi ya presha hukaguliwa na OSHA, chini ya Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003. Una haki ya kumwuliza mwajiri wako cheti cha ukaguzi.

Mtoto akae wapi

Asikae mgongoni mwako ukiwa kwenye boila, wala ndani ya banda la kupikia. Ngozi yake ni nyembamba na huungua haraka kuliko yako. Ni vizuri kikundi kikapanga zamu ya mtu mmoja kukaa na watoto mbali na upande wa moshi, maana moshi wa maganda ya korosho huwasha macho na kifua. Na vijana wa chini ya miaka 18 wasipewe kazi ya boila. Sheria ya kazi ya mwaka 2004 inawakataza kazi za hatari.

Mafuta ya ganda nayo huunguza ngozi. Kabla ya kunyonyesha, futa mikono kwa kitambaa kikavu, nawa kwa sabuni na maji mengi, kisha badili kanga uliyofanyia kazi.

Mtu akiungua

Mtoeni kwenye mvuke. Mwagieni sehemu iliyoungua maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Hata kama saa mbili zimepita, bado yanasaidia. Vueni nguo, bangili, pete na shanga kabla hajavimba, ila nguo iliyoganda kwenye ngozi iacheni. Mtoto mchanga afunikwe sehemu nyingine za mwili asipate baridi.

Msipake dawa ya meno, asali, yai, mafuta wala unga. Barafu pia hapana. Msipasue malengelenge. Funikeni kwa kanga safi iliyofuliwa na kukauka.

Nendeni kituo cha afya bila kungoja kama aliyeungua ni mtoto mdogo au mjamzito, kama jeraha linazidi ukubwa wa kiganja chake, au kama liko usoni, mikononi, miguuni, kwenye maungio au sehemu za siri. Aliyevuta mvuke, anayekohoa au ambaye sauti imekauka apelekwe hospitali mara moja hata kama ngozi yake ni nzima, kwa sababu koo linaweza kuvimba baadaye. Hospitali kubwa zilizo karibu ni Ligula mjini Mtwara na Ndanda kwa upande wa Masasi. Mwulizeni mhudumu kuhusu chanjo ya pepopunda.

Akisharudi nyumbani, mrudisheni kituoni akipata homa, au kidonda kikitoa usaha au harufu. Kama vidole viliungua, ombeni mfundishwe mazoezi ya kuvinyoosha mapema, kabla ngozi mpya haijavikunja.