Maksi 500 au agrigeti 4? Historia ya mizani mbili za mpakani

Ukisimama Busia au Malaba, ng'ambo ni hatua chache tu. Wasamia wako pande zote, Wateso vilevile, na Wamasaaba wa Mbale wanasalimiana na Wabukusu wa Bungoma bila mkalimani. Lakini maksi za mtihani hazivuki kirahisi. Mtoto wa Kenya alikuwa anajivunia namba kubwa, 400 na kitu juu ya 500. Mtoto wa Tororo anaomba namba ndogo kabisa, 4. Na wote wawili wamefaulu vizuri.

Kwa sekondari haikuwa hivi zamani. Mwaka 1967 Kenya, Uganda na Tanzania zilianzisha Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki, na cheti kimoja kikasomeka nchi zote tatu. Tanzania ikajitoa 1971. Jumuiya yenyewe ikavunjika 1977. Kenya ikaunda KNEC mwaka 1980, Uganda ikaunda UNEB mwaka 1983. Kila mmoja na mizani yake.

Tuanze na Kenya. KCPE ya kwanza ilifanywa 1985, masomo saba, jumla 700. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 yakabaki matano, jumla 500. Hesabu yake ilikuwa ya duka: maksi za masomo zilijumlishwa. Aliyepata 95 alimzidi wa 90 kwa 5, na hiyo 5 ilibaki hadi mwisho.

Uganda ni tofauti. PLE ina masomo manne. Maksi za kila somo zinageuzwa kwanza kuwa daraja, 1 hadi 9, ndipo madaraja yanajumlishwa. Bora ni 4, mbaya kabisa ni 36, na 4 hadi 12 ndiyo divisheni ya kwanza. Wa 95 na wa 90 wanaweza wote kupewa 1, tofauti yao ikapotea. Lakini ukikosa daraja kwa maksi moja tu, unalipa sawa na aliyekosa kwa nyingi.

Sasa angalia Kiswahili. Kwenye KCPE kilikuwa 100 kati ya 500, yaani moja ya tano ya mtoto mzima. Kwenye PLE hakimo. Mapema 2008, baada ya vurugu za uchaguzi wa Kenya, familia nyingi zilivuka hapa kwetu, zikapokelewa Mulanda, wilaya ya Tororo, baadaye zikahamishiwa Kiryandongo. Mtoto aliyekuwa anabebwa na Kiswahili alivuka mpaka na somo lake bora likawa na uzito sifuri. Akili ilikuwa ileile.

Uzito hauishii hapo. Kuingia chuo kikuu cha umma Uganda, somo la lazima kwa kozi unayoomba linazidishwa mara 3, linalohusiana nayo mara 2. Kwa hiyo A ileile, yenye pointi 6, inaweza kuhesabiwa 18 kwa kozi moja na 12 kwa nyingine. Na tangu 1990 Makerere huwaongezea wasichana pointi 1.5. Mizani ni uamuzi wa watu: wanaamua kipi kihesabiwe zaidi, na wakitaka wanaubadilisha.

Na wamebadilisha kweli. KCPE ya mwisho ilikuwa 2023. Sasa Kenya, mtoto akienda gredi ya 10, mtihani wa gredi ya 9 una asilimia 60, ule wa gredi ya 6 una 20, na kazi za shuleni za gredi ya 7 na 8 zina 20. Uganda nayo, tangu mtihani wa kidato cha nne wa 2024, kazi za darasani zina 20 na mtihani wenyewe 80.

Wengi wamesifu, na sisi tunaona uzuri wake: siku moja mbaya haikuangushi. Ila jamani, mizani hii inamdhania mtoto ametulia shule moja. Sisi hatujatulia. Mtu aliyefika katikati ya mwaka, daftari zimebaki nyumba iliyochomwa, hiyo 20 au 40 ataitoa wapi? Zamani ulihitaji kalamu na siku ya mtihani. Leo unahitaji pia historia, na historia ndiyo kitu cha kwanza mkimbizi anapoteza.

Kwa hiyo tunaambiana hivi. Kila muhula ukiisha, omba ripoti yenye muhuri, ipige picha, itume kwa watu wawili unaowaamini. Ukiwa na cheti cha nchi nyingine cha kidato cha nne au cha sita, kilinganishwe: Uganda ni UNEB, Kenya ni KNEC. Na mwalimu akishangaa kwa nini ulikuwa na 380 sasa unaanza upya, usiinamishe kichwa. Mweleze kwamba ulipimwa kwa mizani nyingine.