Bunduki ya Wenzo na Upinde wa Wazee Wetu

Wako watu katika Bariadi ambao, wakisikia habari za wawindaji wa kale, husema, "Wazee walikaa na pinde na magobore kwa kuwa hawakujua kuchagua silaha bora." Neno hili si la haki, nasi twataka kulichungua. Kuchagua bunduki ni kazi ya akili, lakini ni kazi ya ruhusa pia. Mtu aliyekatazwa kununua hawezi kulaumiwa kwamba alichagua vibaya.

Na tuanze na chombo chenyewe. Bunduki ya wenzo ina chuma cha mkono chini yake, karibu na mahali pavutwapo kwa kidole. Mwindaji akiisha kupiga, hukisukuma chuma hicho mbele, na ganda tupu hutoka; akikirudisha, risasi nyingine huingia, na bunduki i tayari, wala kitako hakikuondoka begani. Bunduki za namna hii zilitengenezwa Marekani: ile ya Henry mwaka 1860, na ile ya Winchester mwaka 1866. Henry M. Stanley alipokuja kumtafuta Livingstone mwaka 1871 alizichukua zote mbili. Mwaka 1875 alipita Usukuma akielekea Kageyi, ukingoni mwa Ziwa Viktoria, akauandika mto wetu wa Simiyu katika habari za safari yake.

Sasa mtazameni mzee wetu mwenye gobore. Hupima baruti, huimimina mdomoni mwa kasiba, huishindilia kwa mdeki, kisha hutia risasi na kushindilia tena. Mvua ikinyesha, baruti hulowa, na gumegume halitoi moto. Alipiga mara moja tu. Na kama mnyama alikuwa nyati, mara ile moja ilikuwa ya kufa na kupona. Ndiyo sababu wengi hawakuuacha upinde. Mshale wa sumu hauna kishindo cha kutawanya kundi, hauhitaji baruti ya duka, na mwenye mazoezi huweka wa pili upesi. Huo nao ulikuwa uchaguzi wenye akili.

Lakini mbona hawakuipata bunduki ya wenzo, iliyokwisha kufika Afrika? Jibu limo katika mapatano yaliyotiwa sahihi mjini Brussels tarehe 2 Julai 1890. Mataifa yalipatana kuzuia bunduki zilizo bora zisiingie Afrika, tangu digrii 20 kaskazini mwa ikweta hata digrii 22 kusini. Waafrika waliachiwa bunduki za gumegume zisizo na mifuo ndani ya kasiba, pamoja na baruti ya kawaida. Sababu iliyotangazwa ilikuwa kukomesha biashara ya watumwa, nayo ilikuwa sababu njema. Lakini tunda lake la pili likawa kwamba mwindaji wa Usukuma alichaguliwa silaha na watu asiowajua. Kisha mwaka 1896 Hermann von Wissmann, gavana wa Kijerumani, akatoa amri ya kudai cheti kwa ajili ya uwindaji.

Wengine walichagua wapendavyo. Theodore Roosevelt, aliyekuwa rais wa Marekani, alishuka Mombasa mwezi wa Aprili 1909. Alichukua bunduki tatu kubwa: Springfield, kwa wanyama wa mbugani; Winchester ya wenzo ya mwaka 1895, aliyoitumaini sana kwa simba; na Holland ya kasiba mbili, kwa tembo na wakubwa wenzake. Katika zile Winchester za kwanza risasi hulala ndani ya mrija chini ya kasiba, ncha ya moja ikigusa kitako cha ile iliyo mbele; kwa hiyo risasi yenye ncha kali ni hatari humo, maana yaweza kuilipua ya mbele. Ile ya 1895, iliyobuniwa na John Browning, huzipanga katika kisanduku, moja juu ya moja, ikaweza kutumia risasi zenye nguvu zaidi. Risasi ya Roosevelt ilikuwa na uzito wa gramu 19 hivi na kichwa butu. Yafaa sana kwa simba aliye karibu. Lakini ikienda mbali hupungua mwendo, na katika fuvu la tembo haizami vya kutosha. Basi wepesi wa wenzo peke yake haukutosha. Ilipasa kumjua mnyama na mahali.

Na wepesi una hesabu yake. Roosevelt na mwanawe Kermit waliua wanyama 512 katika safari ile, ingawa wengi walihifadhiwa kwa ajili ya elimu. Mwaka 1925 wakaja Tanganyika Wamarekani wengine, Saxton Pope na Arthur Young, wakawinda simba kwa upinde, wenzao wenye bunduki wakisimama karibu. Watu hawa wangeweza kununua bunduki yoyote, wakauchagua upinde, wakasifiwa ushujaa. Lakini nchi ilipozidi kufungwa, Serengeti ikawa hifadhi ya taifa mwaka 1951, na Maswa pori la akiba mwaka 1962, mwenyeji aliyeingia na upinde wake akaitwa jangili.

Hatusemi haya ili mtu avunje sheria. Wanyama si wengi kama zamani, na sheria ya mwaka 2009 yadai kibali cha kuwinda. Kibali hicho chalinda urithi wa watoto wetu. Twasema ili wazee wasidharauliwe. Basi mtu akisifu bunduki mbele ya vijana, na aulizwe mambo matatu: ni kwa mnyama gani, ni mahali gani, na ni kwa ruhusa ya nani? Mawili ya kwanza wazee wetu waliyajua vema. La tatu halikuwa mikononi mwao.