DDT: dawa, sumu na kitabu kilichosingiziwa mauaji

Kiswahili kina neno moja kwa vitu viwili. Anachoandika daktari ni dawa, na anachopuliza mkulima kwenye nyanya ni dawa pia. Ukiingia duka la pembejeo muuzaji atakuuliza unataka dawa ya nini, ya wadudu au ya ukungu. Neno sumu huwa linakuja baadaye, mtoto akishainywa. Zamani nilidhani huo ni uzembe wa lugha yetu. Lakini kila nikisoma historia ya DDT naona hakuna namna nyepesi ya kuieleza kuliko hiyo: ilikuwa dawa na ilikuwa sumu, na ugomvi wote ulihusu wapi imepulizwa na kwa kiasi gani.

DDT ilitengenezwa mara ya kwanza mwaka 1874 na mwanakemia Othmar Zeidler. Haikuwa na kazi yoyote iliyojulikana, ikabaki kwenye makabrasha. Mwaka 1939 Paul Müller, mtafiti wa kampuni ya Geigy huko Basel, Uswisi, aliijaribu kwa nzi. Walikufa kwa kuigusa tu. Cha ajabu zaidi, hata baada ya kusafisha kile kisanduku cha majaribio, nzi wapya walioingizwa waliendelea kufa. Dawa ilikuwa haitoki.

Vita ndivyo vilivyoipa jina. Majira ya baridi ya 1943 kuingia 1944, mji wa Napoli nchini Italia ulivamiwa na taifasi, homa inayoenezwa na chawa. Wanajeshi wa Marekani na washirika wao walipulizia unga wa DDT watu zaidi ya milioni 1, ndani ya nguo na kwenye nywele, na ugonjwa ukazimwa. Mwaka 1948 Müller akapewa Tuzo ya Nobel ya tiba. Hebu fikiria: tuzo ya tiba kwa dawa ya wadudu. Wakati ule hakuna aliyeona kichekesho, na kwa waliopona Napoli hakikuwepo.

Shida ilianza pale dawa ya vitani ilipogeuzwa dawa ya kila kitu. Kuanzia 1945 Wamarekani waliweza kuinunua madukani. Ikamwagwa kwenye pamba, kwenye misitu kwa ndege, kwenye miti ya mitaani. Ile sifa iliyomfurahisha Müller, kwamba haitoki, sasa ikawa balaa. DDT haiyeyuki vizuri kwenye maji, ila inakaa kwenye mafuta ya mwili. Katika chuo kikuu kimoja cha jimbo la Michigan, miti ilipulizwa ili kuua mbawakawa wanaoeneza ugonjwa wa miti. Majani yakaanguka, minyoo ikala majani, ndege wadogo waitwao robin wakala minyoo, wakaanza kufa. Kwa ndege wakubwa kama tai na kipanga, mabaki ya DDT yalifanya maganda ya mayai kuwa membamba. Mama anakaa kuatamia, yai linapasuka chini yake.

Habari ya robin imo katika Silent Spring, kitabu cha Rachel Carson kilichotoka mwaka 1962. Carson alikuwa mwanabiolojia aliyewahi kufanya kazi katika idara ya serikali ya samaki na wanyamapori, na tayari alikuwa mwandishi maarufu wa vitabu kuhusu bahari. Aliandika hiki akiwa anaumwa saratani ya matiti, jambo ambalo hakulitangaza. Kampuni za kemikali zilimshambulia vikali, na moja ilimtishia mchapishaji wake kwa kesi. Rais Kennedy aliwapa wanasayansi washauri wake kazi ya kuchunguza suala hilo, na ripoti yao ya 1963 iliunga mkono hoja zake nyingi. Carson alifariki Aprili 1964, akiwa na miaka 56.

Kwa hiyo Carson hakupiga marufuku chochote. Marufuku ya Marekani ilikuja Juni 1972, miaka 8 baada ya kifo chake. Vikao vya kusikiliza ushahidi vilichukua miezi 7, na ofisa aliyevisimamia alipendekeza DDT iendelee. William Ruckelshaus, mkuu wa EPA, shirika la serikali la kulinda mazingira, ndiye aliyeamua vinginevyo.

Sasa tuje kwenye shtaka. Pengine umelisikia, hasa kama unapenda mabishano ya mitandaoni: eti mwanamke mmoja aliandika kitabu, DDT ikapigwa marufuku, na mamilioni ya Waafrika wakafa kwa malaria. Hata riwaya imebeba hoja hiyo. Katika State of Fear ya Michael Crichton, iliyotoka 2004, mhusika anadai kuwa marufuku ya DDT iliua watu wengi kuliko Hitler.

Ukisoma chenyewe, Silent Spring hakisemi dawa za wadudu zisitumike kabisa. Kinasema zimetumika hovyo, mikononi mwa watu wasiojua madhara yake, na kinaonya kwamba wadudu wanajenga usugu. Amri ya 1972 nayo ilihusu kilimo cha Marekani, na viwanda vya huko viliendelea kutengeneza DDT ya kuuza nje. Mkataba wa Stockholm wa 2001, uliobana kemikali sugu duniani, uliacha mlango wazi: nchi inaruhusiwa kutumia DDT kupambana na wadudu waenezao magonjwa.

Washtaki hupenda mfano wa Sri Lanka, ambako wagonjwa wa malaria walishuka hadi 17 mwaka 1963, kisha mlipuko wa 1968 na 1969 ukaambukiza zaidi ya nusu milioni. Kumbe upulizaji ulisimamishwa kwa sababu ilionekana kazi imekwisha. Waliporudi na DDT, mbu walikuwa wameanza kuizoea, na mwaka 1977 nchi ikahamia dawa nyingine.

Zanzibar tunaijua hadithi hiyo kwa jina letu. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, nyumba zilipuliziwa dieldrin na DDT kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani, na malaria ikapungua mno. Mradi ukafungwa 1968, ugonjwa ukarudi. Mwaka 1982 walikusanywa visiwani mbu waliokuwa sugu kwa DDT, wakazalishwa maabara. Wanasayansi wa nje wanawafahamu kwa jina la ZAN/U, na wamewatumia kujifunza jinsi mdudu anavyoivunja DDT mwilini mwake. Hakuna kitabu kilichowafundisha mbu wale.

Ila tusimalize kama mashabiki wa upande mmoja. Wapo wanamazingira waliotaka mkataba wa Stockholm uifute DDT kabisa kwa tarehe maalumu, na hapo walikosea. Afrika Kusini iliacha DDT mwaka 1996 ikahamia dawa za jamii ya pairethroidi. Mbu aina ya Anopheles funestus, sugu kwa dawa hizo, wakarejea KwaZulu-Natal, na kufikia 2000 wagonjwa walipita 60,000. Serikali ikairudisha DDT kwenye kuta za nyumba, pamoja na dawa bora za kutibu, na malaria ikashuka. Kwa watu wa vijiji vile, neno dawa lilikuwa na maana yake kamili.

Wataalamu wa afya hapa Tanzania huita upulizaji huo dawa ukoko: tabaka jembamba linalobaki ukutani, kama ukoko kwenye sufuria, likimsubiri mbu atue. Huo ni mbali sana na ndege inayomwaga tani za kemikali juu ya pamba. Basi ukikutana tena na mtu anayesema kitabu cha Carson kiliua watoto wa Afrika, usianze kumtetea mwandishi. Muulize kwanza: unazungumzia DDT ya shambani, au ya ukutani?