Dagaa wa Ujiji na Njia ya Tabora

Mtu aingiaye soko la Tabora huyakuta magunia ya dagaa wa Kigoma, wadogo, wakavu, wang'aao kama fedha. Mwenyeji hawatazami mara mbili, na wanahistoria wetu wamefanya vivyo hivyo. Njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo ikapita Tabora hata Ujiji imeandikiwa vitabu vingi, navyo husimulia zaidi pembe na watumwa. Ni haki, maana dhuluma ile haifai kusahauliwa. Lakini tukishika hayo peke yake twaiandika njia kwa daftari ya tajiri, na mpagazi twamwacha bila kitoweo.

Burton na Speke walipofika Ujiji, Februari 1858, uvuvi wa Ziwa Tanganyika ulikuwa ufundi wa kale, usiofundishwa na mgeni yeyote. Kazi yenyewe ni ya usiku wa giza. Zamani moto wa kuni uliwashwa mtumbwini, dagaa wakaufuata mwanga, wakachotwa kwa wavu wenye mpini mrefu uitwao lusenga. Mbalamwezi ikitoka wavuvi hupumzika, kwa kuwa samaki hutawanyika. Asubuhi dagaa huanikwa mchangani, na jua likiwa kali hukauka upesi, bila chumvi wala moshi. Hapo ndipo ilipo siri yake. Mgebuka ni mtamu zaidi (mimi binafsi sibishani na wapendao mgebuka), lakini hutaka kubanikwa, tena ni mzito. Dagaa mkavu ni mwepesi kichwani na haozi njiani. Katika soko la Ujiji, ambako shanga za sofi zilitumika kama fedha, mtu mnyonge aliweza kununua samaki, asiweze kamwe kununua pembe. Yamkini Mnyamwezi aliyeshusha nguo za tajiri hakurudi Unyanyembe mikono mitupu.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Upagazi ukafa, dagaa akapanda gari la moshi. Kuni nazo zikaziachia nafasi karabai, na tangu miaka ya 1950 nyavu kubwa za kuinuliwa kutoka majini zikaenea. Hivyo biashara ya wanyonge ikaishi kuliko ile ya matajiri.

Je, itaendelea kuishi? Dagaa huzaliana upesi, na umri wake hauzidi sana mwaka mmoja. Kwa hiyo wengi hudhani hawezi kwisha. Lakini chakula chake hutegemea rutuba ipandishwayo na upepo kutoka maji ya chini. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba ziwa limepata joto, maji ya juu na ya chini hayachanganyiki kama zamani, na rutuba hubaki vilindini. Basi si haki kumtwika mvuvi lawama yote, ingawa taa zimekuwa nyingi mno.

Mwaka 2024 Serikali ya Tanzania ilifunga uvuvi ziwani kuanzia tarehe 15 Mei hata tarehe 15 Agosti, samaki wapate kuzaana. Ziwa lilipofunguliwa, mwezi ulikuwa umebakiza siku chache kuwa mpevu. Aliyeshika desturi ya wazee ilimpasa angoje tena, mpaka giza lirudi.