Honi ya Beetle ikinyamaza, usinunue ingine

Beetle ilishinda Safari Rally 1954, 1957 na 1962, kabla ya uhuru. Zilizobaki bado zinapita huku Kitale, na kuna mzee wa Kipsongo yake haina sauti, watoto na bodaboda wakivuka mbele yake. Ameambiwa anunue honi mpya. Zii.

Kwa Beetle, umeme unangoja kwenye honi tayari. Ukibonyeza usukani, unaufungulia njia ya kurudi kwa bodi kupitia mhimili wa usukani. Chini pale kuna kiungo cha mpira, na mpira haupitishi umeme (chuo niliacha, fizikia nilibaki nayo), kwa hivyo kuna kawaya kadogo kanakokivuka. Kakikatika, kimya.

Washa swichi, unganisha mguu wa pili wa honi na bodi. Ikilia, tafuta kawaya.