Ukomo wa madeni

Ukomo wa madeni ni kiwango cha juu cha deni ambacho chama cha ushirika kinaruhusiwa kubeba. Kwa mujibu wa Sheria ya Vyama vya Ushirika Na. 6 ya 2013, kiwango hicho hupitishwa na Mkutano Mkuu wa wanachama, kisha huidhinishwa na Mrajis wa Vyama vya Ushirika. Bodi peke yake haitoshi. Benki inayoombwa mkopo hudai muhtasari wa mkutano pamoja na kibali cha Mrajis.

Mkoani Simiyu, uliomegwa kutoka Shinyanga na Mwanza mwaka 2012 na makao yake yakiwa Bariadi, utaratibu huu unawagusa wakulima wa pamba moja kwa moja. Vyama vya msingi (AMCOS) vya Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega hukusanya na kupima pamba, na deni la chama hatimaye hulipwa kwa jasho la mkulima. Vyama vikuu vya ukanda wa pamba, hususan Nyanza na SHIRECU, vilielemewa na madeni baada ya soko kufunguliwa miaka ya 1990. Kwa hiyo mwanachama ana kila haki ya kuhoji kabla ya kunyoosha mkono: fedha ni za nini, riba ni kiasi gani, dhamana ni ipi?