Kwani Majina ya Wapagazi Yalienda Wapi?

Baridi ya Timau haina adabu. Mwezi wa saba unavaa sweta mbili na bado guka wangu anakuuliza mbona unatetemeka kama mgeni. Naanza na baridi kwa sababu stori yangu ya leo imeanzia hapo. Mtu wa mlimani, aliyezoea ukungu na moto wa kuni, alichukuliwa akapelekwa kwenye joto la Tsavo kubeba mizigo ya vita visivyomhusu. Hakurudi. Alikuwa kaka mkubwa wa babake guka. Hatuna picha yake, hatuna kaburi. Tuna neno moja tu, ambalo guka hulitamka kama jina la ugonjwa: Kariokor.

Kwetu vijana wa Nairobi, Kariokor ni soko. Unaenda kununua kiondo au viatu vya ngozi, unakula nyama, unarudi mtaa. Wachache wanajua jina limetoka kwa Carrier Corps, kikosi cha wapagazi cha Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Kariakoo ya Dar es Salaam ni jina hilohilo.

Basi mwaka huu nikasema siendi Mombasa kupiga picha za bichi tena. Nilishuka SGR pale Voi, nikapanda matatu ya kwenda Taveta, na kabla hujafika Taveta ndipo unaona Salaita. Niseme ukweli, hicho kilima hakitishi. Ukikua ukiangalia Mlima Kenya kila asubuhi, Salaita unaweza kuipita bila hata kugeuza shingo.

Lakini tarehe 12 Februari 1916 watu walikufa hapo kama mchezo. Wajerumani walikuwa wameteka Taveta tangu Agosti 1914, kwa hivyo kipande cha Kenya kilikuwa mikononi mwao. Waingereza wakaleta wanajeshi wapya kutoka Afrika Kusini, wazungu watupu, wengi wao hawajawahi kupigana Afrika Mashariki na wana dharau ya ajabu. Waliambiwa adui ni askari weusi na maafisa wachache wa Kijerumani, wakadhani ni kazi ya asubuhi moja. Mizinga ikapiga juu ya kilima kwa muda mrefu. Kumbe mahandaki ya kweli yalikuwa chini, miguuni mwa kilima, yamefichwa vichakani, na juu hakukuwa na maana yoyote. Wale askari weusi wakangoja, kisha wakafyatua. Afrika Kusini wakakimbia. Zaidi ya 130 kati yao waliuawa, walijeruhiwa au walipotea siku hiyo, na waliowaokoa ni Wabaluchi wa jeshi la Uhindi, haohao waliokuwa wakiwaita makuli. Inasimuliwa kwamba Wabaluchi waliokota bunduki ya mtombo iliyoachwa kwenye mbio zile, wakawarudishia wenyewe na ujumbe mfupi wa kuomba wasiitwe makuli tena. Hapo nilicheka peke yangu kwenye matatu, mama aliyekaa kando yangu akaniangalia vibaya.

Mwezi uliofuata Waingereza wakarudi na jeshi kubwa chini ya Jenerali Smuts, wakakuta Wajerumani wameshaondoka. Kilima kikachukuliwa bila vita.

Pale Taveta mjini kuna makaburi ya wanajeshi. Nyasi zimekatwa, mawe yamepangwa mistari, kila jiwe na jina, kikosi na tarehe. Nilisoma mengi nikahesabu umri: 20, 22, 19. Rika letu kabisa. Sina chuki na hao vijana. Mtu wa miaka 19 aliyetoka Johannesburg kuja kufia vumbi la Taveta naye alidanganywa na wakubwa wake.

Ila nilitembea mstari kwa mstari nikitafuta mpagazi, na sikumpata hata mmoja.

Hesabu haiingii akilini. Hakuna barabara, ng'ombe na farasi wanauawa na mbung'o, kwa hivyo kila risasi, kila gunia la unga, kila sanduku la dawa lilisafiri kichwani mwa mtu. Mwaka 1917 serikali ya kikoloni ilimpa John Ainsworth kazi ya kukusanya wanaume kwa nguvu wilaya kwa wilaya, na Meru haikuachwa. Machifu walipewa idadi, wakaenda boma kwa boma. Waliokufa hawakuuawa sana na risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, nimonia, na unga wa mahindi usioiva vizuri kwa watu waliozoea chakula kingine. Makadirio yanayotajwa sana ni kwamba wapagazi wasiopungua 95,000 walikufa upande wa Waingereza. Jaza uwanja wa Kasarani, halafu ongeza watu wengine kama nusu yake.

Sasa njoo Nairobi, Kenyatta Avenue. Zile sanamu tatu za shaba tunazopita tukikimbilia matatu ni za mwaka 1928, na mmoja wa wale watatu ni mpagazi. Maneno ya chini ni ya Rudyard Kipling, yameandikwa kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Yanaahidi kwamba ukipigania nchi yako, hata ukifa, watoto wako watalikumbuka jina lako. Zunguka hiyo sanamu yote. Hakuna jina hata moja. Kipling mwenyewe alikuwa amepoteza mtoto wake wa kiume vitani Ufaransa mwaka 1915, kwa hivyo uchungu wa kutafuta jina aliujua vizuri. Hilo ndilo linaniuma zaidi.

Na haikuwa bahati mbaya. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikakiri kwamba Waafrika na Waasia wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, hawakuandikwa majina yao au hawakukumbukwa popote kabisa. Maafisa wa wakati huo waliamua kwamba watu weusi hawajali makaburi. Serikali ya Uingereza ikaomba msamaha bungeni. Poa. Lakini msamaha wa London haujafika Timau, guka wangu aliusikia kutoka kwangu, tukiwa tunamenya viazi.

Na eti hatujali majina! Babake guka alipopata mtoto wa kiume baada ya vita, alimpa jina la kaka yake aliyepotea. Yule mtoto akakua, mjukuu wake akapewa jina lilelile. Leo ni binamu yangu, anaendesha bodaboda pale steji ya Timau, na ukimwita anageuka.

Siku hizi tume hiyo inasema inatafuta majina ili ijenge kumbukumbu mpya. Nilimwambia guka nataka kupeleka la kwetu, na pia kuliandika hapa. Aliweka kisu chini akafikiri. Akasema ningoje kwanza, lazima aongee na wazee wa ukoo.